Kuku Wote Walikuwa Wazima

Ilianza Jumanne, tarehe kumi na tisa Januari 1993, saa kumi na mbili na robo jioni. Nimeitoa kwenye shajara yangu, ambamo huandika saa ya kila kitu, hata cha upuuzi. Mama aliingia amekumbatia daftari kubwa la jalada gumu. Aliipangusa meza kwanza, ndipo akaliweka.

"Si wewe una mwandiko," akaniambia. "Haya, kazi imekupata."

Nilikuwa ndio nimeingia kidato cha pili. Tulikuwa watatu katika chumba kimoja katika mtaa wa Baba Dogo: Mama, mimi, na mdogo wangu wa miaka minane ambaye hajui kunyamaza. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mama alikuwa kibarua katika kiwanda cha chakula cha mifugo, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka kwetu. Kibarua ni hivi: kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu unasimama langoni na wenzako, nyapara anatoka na kikombe chake cha chai, ananyoosha kidole. Wewe, na wewe, na yule wa leso nyekundu. Asiyeonyeshwa kidole anarudi nyumbani. Mama alikuwa amesimama pale miaka minne. Alichokitaka duniani, ukiacha sisi kusoma, kilikuwa kuandikwa. Apewe barua yenye jina lake, aingie langoni bila kuangaliwa kwanza kama ng'ombe wa mnada.

Sasa nyapara alikuwa amempa neno. Kiwanda kililetewa unga mpya kutoka ng'ambo, unga wa vimeng'enya. Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa ametufundisha vile vya mate, vinavyofanya ugali uwe mtamu ukiutafuna sana. Huu ulikuwa wa ukoo huo, ila wa kuku: unachanganywa katika chakula ili tumbo la kuku lisage pumba ambazo kwa kawaida hupita tu. Lakini kabla ya kuutia katika magunia ya kuuzwa, ilibidi ijulikane kama ni salama. Basi vifaranga wa siku moja wakawekwa katika vizimba vitatu. Wa kwanza walipewa chakula kitupu. Wa pili, chakula na unga kwa kipimo chake. Wa tatu walipewa mara kumi ya kipimo, ili kama una ubaya, ubaya huo usipate pa kujificha. Wangelishwa wiki sita, kisha daktari wa mifugo awapime, apasue wachache aangalie ndani.

Mama ndiye aliyechaguliwa kuwatunza na kuwachanganyia chakula. Amelelewa na kuku kwao Magharibi, na kifaranga aliyelala kifudifudi asubuhi ukimpa Mama, jioni anakimbia. "Ukiwafikisha wiki ya sita bila fujo," nyapara alimwambia, "barua yako ipo."

Daftari ndilo lingetumwa ng'ambo kwa wenye unga. Karani wa kiwanda aliandika kama kuku aliyekanyaga wino, na Mama akajitolea kabla hajaulizwa: nina msichana. Hivyo kila jioni alitoa kifuani kikaratasi chenye tarakimu zake za penseli, nami nikazinakili. Chakula walichokula, maji, uzito, waliokufa. Safu ya mwisho, pana kuliko zote, ilikuwa ya maoni.

Mimi si mtu wa kusema. Mgeni akiingia kwetu huwa natafuta sufuria ya kuosha hata kama ni safi. Lakini mbele ya daftari lile nilijiona mtu. Nilipiga mistari kwa rula. Mdogo wangu alisimama nyuma ya bega langu akinipumulia sikioni.

"Leo nani amededi?"

"Mmoja. Kizimba cha kwanza."

"Na masonko?" Hao walikuwa wa kizimba cha tatu, wale wanaokula mara kumi. Jina hilo, yaani matajiri, aliwapa yeye.

"Hakuna."

"Manze, masonko hawadedi!"

Mama alicheka mpaka akashika meza. Wiki zile mbili za kwanza alicheka sana. Alitusimulia kule ndani kulivyo, jinsi vifaranga wanavyotunzwa kuliko watoto wa hospitali. Ukifika mlangoni unavua viatu, unavaa gambuti, unakanyaga maji ya dawa. Unanawa mpaka kiwiko. Unavaa koti la kampuni na maski nyeupe ya kufunika pua na mdomo. "Kikohozi cha mtu mmoja kinaweza kumaliza kizimba kizima," alisema kwa fahari, kama ni yeye aliyeitunga sheria hiyo.

Kikohozi chake kilianza wiki ya tatu. Nimeangalia: Jumatano ya tarehe tatu Februari, niliandika "Mama amekohoa akimenya viazi". Ijumaa niliandika tena. Wiki iliyofuata kilikuwa kikavu, na baada yake ilikuja sauti nyembamba, kama mlango wenye bawaba kavu, nikajua inatoka kwake akivuta pumzi. Jirani yetu, mama mmoja wa kutoka Murang'a anayeuza mboga barazani, aliisikia kupitia ukutani.

"Haiya! Mama, hicho kifua umekifungulia stesheni gani?"

"Ni vumbi tu, dada."

"Vumbi haliimbi. Hiyo ni pumu. Kula kitunguu saumu na asali, na uache hao kuku wako."

"Nikiwaacha wewe utaniandika?"

"Nitakuandika kwa sukuma wiki," jirani akasema, na wote wawili wakacheka. Mama aliacha kucheka kwanza kwa sababu pumzi iliisha.

Mama alikuwa katika kwaya ya kanisa, sauti ya pili. Si sauti ya kusifiwa peke yake, lakini ndiyo iliyoshika wenzake wasipotee. Jumapili ya tarehe kumi na nne nilikuwa benchi la tatu. Kuna mahali katika wimbo wa sadaka ambapo sauti ya pili hubaki peke yake na kushikilia neno moja kwa muda mrefu. Nilimwona akijiandaa. Akaanza vizuri, halafu neno likakatika katikati. Hakukohoa. Alifunga tu mdomo akaangalia sakafu, na wenzake wakaendelea wakiyumba. Nilitamani nisingekuwa nimekuja.

Jioni ile ile, hata hivyo, alikuwa nafuu, akatusonga ugali bila kupumzika. Hilo lilinishangaza, nikarudi kwenye shajara yangu nikapekua nyuma. Jumatatu asubuhi: nafuu. Jumatatu jioni: mbaya. Jumanne, Jumatano, mbaya zaidi. Jumamosi mbaya. Jumapili jioni: nafuu. Wiki mbili mfululizo, hivyo hivyo. Ingekuwa baridi au vumbi la barabara ya kwetu, lisingepumzika siku ya Bwana.

Nilimwambia akiwa anafua. Nilichukua muda mrefu kuanza mpaka akaniuliza kama nimevunja kitu.

"Mama, ni kazini. Ni ule unga."

"Unga gani?"

"Wa kuku. Jumapili hukohoi."

Alikamua shati la mdogo wangu, akalikung'uta. "Kuku wanaula mara kumi na wananenepa. Mimi hata siuli."

"Lakini ukimwambia nyapara..."

"Nimwambie nini? Kwamba nina kifua? Langoni kuna wanawake hamsini wasio na kifua. Wiki mbili zimebaki, mama yangu." Huniita mama yangu akitaka niache jambo. "Nikishaandikwa nitasema. Mtu aliyeandikwa hupelekwa hospitali. Sasa ninyamazie."

Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko ninakokujua.

Jumatano ya tarehe kumi na saba ilikuwa siku ya thelathini ya kuku. Mama aliniletea kikaratasi akakaa kitandani akiwa ameinama mbele, viganja juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Mdogo wangu hakuuliza nani amededi. Alienda kukaa karibu naye akamshika sketi. Nilinakili tarakimu. Nilipofika safu ya maoni, ambayo siku zote niliandika "hakuna", kalamu ilikataa. Mwalimu wa bayolojia alikuwa ametuambia kwamba anayeandika anachopenda tu hafanyi jaribio, anapika. Nikaandika: "Mhudumu anakohoa na kupumua kwa shida. Alianza wiki ya tatu. Jumapili hupata nafuu." Niliandika kwa Kiingereza, kwa sababu daftari lote lilikuwa la Kiingereza. Na pia kwa sababu Mama hasomi Kiingereza. Hiyo sababu ya pili sikuiandika hata kwenye shajara, naiandika sasa.

Kutoka siku hiyo niliandika kila jioni. "Mhudumu vilevile." "Mhudumu amepumzika mara mbili njiani." Mama aliliangalia daftari likijaa akaridhika. "Sasa limekuwa na maneno," alisema.

Jumatatu ya tarehe moja Machi ilikuwa siku ya mwisho, nasi shuleni tulikuwa na mapumziko ya katikati ya muhula yaliyoisha siku hiyo. Mama akaamua nimbebee daftari, mwenye mwandiko naye aonekane. Alivaa nguo yake ya kanisani ndani ya koti la kazi. Alikuwa na hakika barua itatoka siku hiyo hiyo. Njiani alisimama mara tatu akijifanya anafunga leso.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Alikuwa amekuja mara mbili awali, wiki ya pili na ya nne, akawaangalia kuku akaenda zake. Alilichukua daftari akalisoma amesimama, kidole kikishuka ukurasa hadi ukurasa. Nyapara alikuwa kando yake. Kidole kikasimama.

"Nani ameandika hapa?"

"Ni huyu, daktari," Mama akasema akitabasamu, akinisukuma mbele kidogo. "Ni msichana wangu."

"Na mhudumu ni nani?"

"Mhudumu ndiye mimi."

Daktari akamsomea kwa Kiswahili, taratibu, mstari mmoja mmoja, siku ya thelathini mpaka ya arobaini na moja. Tabasamu halikuondoka usoni mwa Mama mara moja. Lilibaki pale likiwa halina kazi. Halafu akaniangalia. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama mtu aliyekukuta umevaa nguo yake.

"Nionyeshe unavyochanganya," daktari akamwambia.

Tukapita vizimbani kwanza. Mama alikanyaga maji ya dawa, akavaa maski yake vizuri, akaibana puani kwa vidole viwili. Kuku walikuwa wakubwa, weupe, wamejaa nyama. Kisha tukaingia stoo nyuma ya vizimba, chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye mizani, beseni, na pipa la ule unga. Mama akavua maski, akaitundika kwenye msumari. Akafunua pipa. Akainama, akachota kwa kikombe, akamwaga katika beseni kutoka juu kidogo ili usigandamane, na wingu jembamba la rangi ya krimu likapanda likamfunika uso. Akakohoa pembeni, kwa adabu.

"Simama hapo," daktari akasema. "Mama, kwa nini umeivua?"

"Nini?"

"Maski."

Mama akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini havai viatu kitandani. "Huku hakuna kuku, daktari."

Mimi ndipo nilipoelewa, na nadhani daktari alielewa wakati ule ule. Maji ya dawa yalikuwa ya kulinda kuku. Gambuti, koti, kunawa, vyote vilikuwa vya kulinda kuku. Mtu aliyeambiwa mambo hayo yote kwa siku moja, na maski ikiwa ya mwisho, angefikiri nini? Kwamba maski ilikuwa ya kumlinda yeye? Lini kitu chochote pale langoni kilikuwa cha kumlinda yeye? Kwa hivyo wiki sita alikuwa ameivaa mahali asipoihitaji sana, na kuivua mlangoni mwa mahali palipoihitaji. Aliivua aitunze, isichafuke na unga.

Kwenye pipa kulikuwa na kibandiko. Nilisogea nikakisoma. Epuka kuvuta vumbi hili. Vaa kinga ya pumzi unapolishika. Kwa Kiingereza, kwa herufi nyeusi nene. Ningekisoma kwa dakika moja, siku ya kwanza, kama ningekuwa nimeingia pale.

Daktari alimweleza Mama wakiwa wameketi nje juu ya magunia. Kuku hawavuti ule unga, wanaula umelowana na chakula, tumboni unafanya kazi yake na kuisha. Pafu la mtu ni jambo jingine. Wengine wanauvuta miaka mingi bila neno, lakini kifua kikishaukataa hakisahau, hata kiasi cha ncha ya kisu kinaweza kukifunga. "Hutakiwi kuukaribia tena," alisema. "Si wiki hii tu. Kabisa." Kisha akasema, akiangalia gambuti zake, "Nilikuja mara mbili hapa. Niliuliza habari za kuku."

Mama alisikiliza yote mikono ikiwa mapajani. Mwishowe aliuliza swali moja. "Na kuku wakoje?"

"Kuku wazima, mama. Wote."

Waliwapasua wachache mchana. Maini safi, matumbo safi, hata ya wale wa mara kumi. Daktari aliandika hivyo katika ukurasa wa mwisho, chini ya mistari yangu: hakuna madhara yaliyoonekana. Nyapara akaja baadaye, bila kikombe cha chai. Sikumchukia, na nimejaribu.

"Barua yako ilikuwa ya stoo ya unga, mama," akasema. "Sasa daktari ameandika usiukaribie, na unga utaanza kutiwa kwenye chakula chote. Nitakuandika wapi? Kiwanda chote ni unga."

"Niliwafikisha wiki ya sita," Mama akasema.

"Uliwafikisha. Hakuna anayekataa."

Daktari alimpa karatasi ya kwenda nayo hospitali. Tukarudi nyumbani. Mdogo wangu alikuwa ametungoja kizingitini kwa jirani, akatukimbilia.

"Mathe! Tumeandikwa?"

"Bado," Mama akasema, akampita.

Nilipika mimi. Mama aliketi kitandani na nguo yake ya kanisani, koti alikuwa amelirudisha. Nilitaka kumwambia samahani, lakini sikujua ya nini hasa. Ya kuandika, au ya kuchelewa kuandika. Kama ningeandika wiki ya tatu, kifua labda kingepona. Kama nisingeandika kamwe, barua ingekuwa mezani, na Mama angeingia stoo kesho yake, akaivua maski, na kesho kutwa. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi na kila mara kinabaki kitu.

Yeye ndiye aliyesema kwanza, tukiwa tumemaliza kula.

"Uliandika kweli."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini ilikuwa kweli yangu. Ungeniambia unaiandika."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza," akasema. Akavuta pumzi, na ule mlango wa bawaba kavu ukalia ndani yake. "Hata hivyo ungeniambia."

Nililala nikiwa nimeugeukia ukuta.

Asubuhi, Jumanne, niliamka nikamkuta amevaa sketi ya kazi, anajifunga leso.

"Unaenda wapi?"

"Langoni. Kuna kushona midomo ya magunia, kunafanywa nje uani."

Nilivaa sare yangu ya shule nikamfuata. Hakuniita wala hakunirudisha. Njiani aliposimama nilisimama, na alipojifanya anafunga leso niliangalia upande mwingine. Langoni nilisimama naye bega kwa bega katikati ya wale wanawake, na aibu yangu yote, wakiniuliza kama shule imefunga. Nyapara alitoka. Kidole kikapita. Kilipofika kwetu kiliinama kidogo, kisha kikaenda kwa mama mmoja kijana aliyekuwa nyuma yetu. "Wewe. Stoo ya unga."

Mama akamgeukia. "Dada, wakikupa maski, ivae stoo. Siyo kwa kuku. Stoo."

Yule mama kijana alimwangalia, akaangalia lango lisije likafungwa. "Sawa mama. Wakinipa," akasema, akaingia mbio.

Tulingoja mpaka lango likafungwa kabisa. Nikamrudisha Mama nyumbani, mkono wangu ukiwa chini ya kiwiko chake, naye akauacha uwe pale. Nilimwekea maji ya chai jikoni, kisha nikakimbia shuleni. Nilifika kipindi cha pili kimeanza. Mwalimu aliyekuwa zamu aliniuliza mbele ya darasa zima kwa nini nimechelewa, na nilimjibu kwa sauti ambayo hata walio nyuma waliisikia, kwamba nilikuwa nimemsindikiza Mama kazini, na kazi haikuwepo.